Kwa nini tuliambiana "zima apdeti": historia fupi ya viraka, flashi na virusi kutoka Mosocho

Leo sitawaletea programu mpya ya kupakua. Leo nataka tuangalie nyuma kidogo, tuulizane jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu mimi kama mtunzi wa programu. Ni kwa nini mtu wa kawaida mwenye kompyuta, hapa Mosocho au kwingineko Gusii, jambo la kwanza analomwomba fundi baada ya kuwekewa Windows ni kuzimiwa masasisho, yaani zile apdeti?

Mazungumzo yenyewe nimeyasikia mara nyingi. Mwenye mashine anasema, "Fundi, usisahau kunizimia zile apdeti, zinamaliza bando." Fundi anajibu, "Sawa mwalimu, nishazima." Wanalipana, wanaagana, kila mmoja ameridhika. Hii imekuwa desturi, na kila desturi ina historia yake.

Maoni yangu ni haya: kuzima masasisho hakukuanzia kwenye ujinga. Kulianzia kwenye hesabu ya gharama, na kwa miaka ile hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Shida ni kwamba hesabu ilibadilika, desturi ikabaki. Tena wakati tulipokuwa tukifunga mlango wa mbele ili tusilipe gharama, virusi vilikuwa vikipita mlango wa nyuma, ndani ya flashi, bila kulipa chochote. Twende polepole.

Kwanza, kiraka ni nini?

Kwa wale wasiojua, programu kama Windows ina mamilioni ya mistari ya maandishi yaliyoandikwa na watu. Watu hukosea. Baadhi ya makosa hayo huwa ni matundu, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenya hapo na kuiamrisha mashine yako ifanye anavyotaka. Kampuni ikigundua tundu, hutengeneza kiraka cha kuliziba. Sasisho la usalama ni kifurushi cha viraka hivyo. Si lazima likuletee rangi mpya wala vitufe vipya. Mara nyingi hutaona tofauti yoyote, na hiyo ni sababu moja inayofanya watu waone kama linakula data bure.

Intaneti iliyopita angani

Intaneti ilianza kuwafikia Wakenya wa kawaida katikati ya miaka ya 1990. Lakini hadi katikati ya mwaka 2009, mawasiliano yetu karibu yote na nchi za nje yalipita kwenye setilaiti. Setilaiti hizo hukaa angani umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibofya, ombi lako linapanda huko juu, linashuka upande wa pili, jibu linapanda tena na kushuka. Safari hiyo peke yake inakula karibu nusu sekunde kwa kila ombi, kabla hatujahesabu msongamano wa watu wanaogawana njia hiyo nyembamba.

Hata baruapepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi ofisi ya jirani, ikiwa kila moja ilitumia kampuni tofauti ya intaneti, ilikwenda ng'ambo kwanza na kurudi. Ndiyo maana kampuni za intaneti zilianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa nyumbani, KIXP, mwezi Novemba 2000. Mwezi uliofuata mdhibiti akakifunga, baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, kulalamika. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Nalitaja hili ili ujue kwamba ughali wa intaneti yetu haukutokana na umbali peke yake. Kulikuwa na siasa za biashara pia.

Sasa fikiria mtu wa Mosocho wakati huo. Intaneti ilikuwa Kisii mjini, kwenye saiba, na ulilipa kwa dakika. Ulipanda matatu, ukaenda kusoma baruapepe, ukarudi. Kompyuta iliyokuwa shuleni, kwenye ofisi ya parokia au kwenye duka la kupiga chapa ilikuwa haijawahi kuunganishwa na chochote isipokuwa printa na umeme.

Hesabu ya megabaiti 266

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Mwaka 2003, mwezi Oktoba, Microsoft ilianza utaratibu wa kutoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi. Agosti 2004 ikatoa kifurushi kikubwa kilichoitwa Service Pack 2. Hicho kilikuwa muhimu sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza kiliwasha fayawoli (ule ukuta wa kuzuia wageni wasioalikwa kutoka kwenye mtandao) bila kumngoja mwenye mashine aiwashe mwenyewe.

Faili lake kamili lilikuwa na ukubwa wa takribani MB 266. Hebu tupige hesabu. Modemu ya simu ya wakati ule ilikuwa na kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Megabaiti 266 ni zaidi ya kilobiti milioni 2. Ukigawanya, unapata muda wa saa 11 hivi, laini ikiwa haijakatika hata mara moja, na bili ya simu ikiendelea kuhesabu. Kwa laini zetu za kawaida muda ulizidi hapo kwa mbali. Na hicho ni kifurushi kimoja tu, kabla ya viraka vya kila mwezi.

Mwenye saiba naye alikuwa na hesabu yake. Ukiwa na kompyuta 10 kwenye laini moja ya setilaiti, na kila moja inavuta faili lile lile kivyake bila kuuliza, hiyo ni zaidi ya GB 2.6. Wateja wanalalamika kwamba ukurasa haufunguki, wanaondoka. Kwa hiyo akafanya lile ambalo mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya: akazima masasisho kwenye kila mashine. Vijana waliojifunza kazi kwake wakajifunza na hilo. Walipofungua maduka yao wenyewe vijijini, wakaenda nalo kama sehemu ya ufundi.

Hofu ya leseni na hofu ya umeme

Kulikuwa na sababu ya pili ambayo watu hawapendi kuitaja. Nakala nyingi za Windows zilizokuwa zikizunguka hazikuwa na leseni. Makadirio ya chama cha kampuni za programu duniani, BSA, katika miaka hiyo yalikuwa kwamba karibu nakala 8 kati ya 10 za programu nchini Kenya zilikuwa za wizi. Chama hicho kina maslahi yake katika kutaja takwimu kubwa, lakini yeyote aliyefanya kazi ya ufundi wakati ule hatashangaa.

Mwaka 2006 Microsoft ilianza kusambaza kipande cha programu kinachokagua leseni, na ilikisambaza kupitia njia ile ile ya masasisho. Mashine ikikutwa haina leseni halali ilianza kuonyesha onyo kila mara. Mwaka 2008 ikaongezwa adhabu nyingine: picha ya nyuma ya skrini inageuka nyeusi, na ukiirudisha inageuka nyeusi tena baada ya muda. Habari zikaenea haraka kwamba "ukisasisha utakamatwa."

Jambo ambalo halikuenea ni hili: Microsoft iliendelea kutoa viraka muhimu vya usalama kwa njia ya masasisho ya moja kwa moja hata kwa mashine zisizo na leseni halali. Zilizozuiwa zilikuwa hasa programu za ziada. Lakini kwa vile mkaguzi na daktari walikuja kwa gari moja, watu walifunga lango kwa wote wawili. Hapa lawama nyingine iende kwa Microsoft wenyewe. Ukitumia njia ya matibabu kupeleka mkaguzi, usishangae watu wakikimbia matibabu.

Sababu ya tatu ni umeme. Sisi wa milima ya Gusii tunajua radi. Mvua ikianza kunguruma, kila mwenye kifaa anakimbilia soketi kukichomoa. Masasisho nayo yana ule ujumbe wake wa kusema usizime kompyuta, yanaendelea kusakinishwa. Umeme ukipotea katikati, mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa. Mtu akiponzwa mara moja, hasahau.

Kwa hiyo ukijumlisha gharama ya data, hofu ya leseni na umeme, utaona kwamba "zima apdeti" lilikuwa shauri la busara kwa aliyelitoa. Kulikuwa na utetezi mwingine pia, tena wa kweli: mashine isiyounganishwa na intaneti haiwezi kuambukizwa kupitia intaneti. Utetezi huo ungetosha kama flashi isingekuwepo.

Flashi ndiyo iliyokuwa mtandao wetu

Virusi vya kompyuta vilikuwa vikisafiri mkononi muda mrefu kabla ya intaneti kuenea. Kirusi kiitwacho Brain, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya PC, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, na kilisafiri kwa diski laini kikapita mipaka ya nchi kwa mikono ya watu. Diski ya baadaye ya MB 1.44 ilibeba barua chache tu. Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000, na bei iliposhuka katikati ya mwongo huo, zikawa kila mahali.

Huku kwetu flashi haikuwa kifaa cha ziada. Ndiyo iliyokuwa mtandao. Mtihani wa muhula ulitungwa nyumbani, ukabebwa kwa flashi hadi duka la kupiga chapa. Barua ya kuomba kazi, ratiba ya mazishi, picha za harusi, nyimbo za kwaya, hesabu za chama cha akina mama, zote zilisafiri humo. Flashi iliyochomekwa Mosocho asubuhi ilichomekwa Kisii mjini saa sita, na jioni iko Keroka au Nyamira. Mwanafunzi akipanda basi la usiku, kesho yake iko Nairobi.

Na Windows ilikuwa na tabia moja iliyofaa sana wabaya. Tangu Windows 95 kulikuwa na AutoRun, iliyobuniwa ili ukiweka CD, programu iliyomo ijifungue yenyewe. Faili dogo liitwalo autorun.inf ndilo lililoieleza mashine nini cha kufungua. Ilikuwa urahisi kwa mnunuzi wa CD halali. Lakini flashi, tofauti na CD ya dukani, inaandikika. Kirusi kikishaingia kwenye mashine kiliandika autorun.inf yake kwenye kila flashi iliyochomekwa, kikajificha humo, kikangoja mashine inayofuata.

Wengi wenu mnakumbuka dalili. Unafungua flashi, folda zako hazimo, badala yake kuna alama za mkato zenye majina yale yale. Au kuna folda mpya ambayo ukiitazama vizuri ni programu, jina lake linaishia na .exe, imevaa picha ya folda ya manjano. Mtu anadhani kazi yake imefutwa. Kumbe faili zake zimefichwa tu, na fundi anayejua amri ya attrib anazirudisha kwa dakika moja na kuonekana mganga. Lakini fundi huyo huyo, akisharudisha faili, hakuziba tundu lililomwingiza kirusi, kwa hiyo mteja alirudi wiki iliyofuata.

"Lakini nina antivairasi," watu walisema. Naam, ilikuwepo. Ila antivairasi ya wakati huo ilifanya kazi hasa kama askari mwenye albamu ya picha za wezi wanaojulikana. Albamu hiyo nayo ni sasisho. Askari mwenye albamu ya mwaka juzi anamfungulia mlango mwizi wa mwaka huu na kumsalimia.

Siku 26, 17, 29 na 59

Sasa nifikie sehemu ambayo kila mtumiaji wa kompyuta anapaswa kuijua, kwa sababu inapinga fikra kwamba virusi ni kama radi, haviepukiki.

Mnyoo uitwao Blaster ulianza kuenea duniani tarehe 11 Agosti 2003. Kiraka cha tundu uliloingilia kilikuwa kimetoka tarehe 16 Julai. Siku 26 kabla.

Sasser ulianza tarehe 30 Aprili 2004. Aliyeutunga ni kijana wa shule wa Ujerumani. Kiraka kilitoka tarehe 13 Aprili. Siku 17 kabla.

Conficker uligunduliwa tarehe 21 Novemba 2008. Kiraka kilitoka tarehe 23 Oktoba, tena Microsoft ilikitoa nje ya ratiba yake ya Jumanne kwa sababu iliona hatari. Siku 29 kabla.

WannaCry, ule uliofunga faili za watu na kudai fidia, na uliovuruga hospitali za Uingereza, ulianza tarehe 12 Mei 2017. Kiraka cha matoleo ya Windows yaliyokuwa bado yakihudumiwa kilitoka tarehe 14 Machi. Siku 59 kabla.

Mara zote nne dawa ilitangulia ugonjwa. Tena kuna jambo linalofuata hapo: kiraka kikishatoka, wabaya nao hukichunguza ili kujua kinaziba wapi, kisha huwatafuta wasiokiweka. Kwa hiyo anayekaa bila masasisho haachwi tu nyuma. Siku kiraka kinapotoka, tundu lake linatangazwa.

Conficker ulivyotumia barabara yetu

Katika hiyo minne, Conficker ndio unaotuhusu zaidi, kwa sababu ulielewa jinsi tunavyoishi. Toleo la kwanza lilipita kwenye mtandao peke yake. Mwishoni mwa Desemba 2008 likaja toleo lililopita pia kwenye flashi, na kwenye mitandao ya ofisi kwa kubahatisha nywila rahisi.

Ujanja wake kwenye flashi ulikuwa wa kutisha. Ulipochomeka, Windows ilionyesha kidirisha cha kuuliza unataka kufanya nini. Mnyoo uliongeza chaguo lake juu kabisa, lenye picha ya folda na maneno yale yale ya kufungua folda uone faili. Mtu anayejua kusoma, mwangalifu kabisa, alibofya akidhani anafungua folda. Ukishaingia, ulizuia mashine isiweze kufikia tovuti za kampuni za antivairasi wala huduma ya masasisho ya Microsoft. Ulifika kwenye mamilioni ya kompyuta, hata kwenye jeshi la wanamaji la Ufaransa na wizara ya ulinzi ya Uingereza mwanzoni mwa 2009.

Kama majeshi hayo yalipatikana, duka la kupiga chapa la kijijini lingeponea wapi? Angalia basi mambo yalivyokaa. Kiraka kilihitaji intaneti ili kufika kijijini, na intaneti hatukuwa nayo. Kirusi hakikuihitaji, kilipanda matatu pamoja na sisi.

Je, kulikuwa na namna nyingine? Ilikuwepo. Kwa miaka kadhaa hadi 2011, kampuni ya Canonical ilimtumia mtu yeyote duniani CD ya Ubuntu kwa posta bila malipo, hadi kwenye sanduku lake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, halali, bure, na unayeruhusiwa kumnakilia jirani. Kulikuwa pia na watu, hasa Ujerumani, waliotunga programu za kukusanya viraka vya Windows mahali pamoja ili uvibebe kwa CD. Kwa hiyo programu halali na viraka viliweza kusafiri kwa barabara ile ile ya virusi. Kilichokosekana ni sisi mafundi kuifanya iwe kazi yetu. Tulitoza pesa ya kuondoa kirusi, hatukuuza kinga.

Mambo yalibadilika, desturi ikabaki

Mwezi Juni 2009 waya wa baharini wa TEAMS ulifika Mombasa. Julai mwaka huo SEACOM ulianza kazi, na EASSy ukafuata 2010. Serikali nayo ilikuwa ikichimbia waya wa taifa, NOFBI, kuelekea miji ya wilaya. Intaneti ya simu ikafika vijijini. Ile hesabu ya muda wa saa 11 ikafa.

Upande wa Windows nako kulibadilika. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, haikukubali tena flashi kujifungua yenyewe. Februari 2011 Microsoft ikapeleka badiliko hilo kwenye Windows XP na Vista kwa njia ya masasisho ya kawaida, na maambukizi ya aina hiyo yakapungua duniani.

Lakini soma tena maneno hayo: kwa njia ya masasisho ya kawaida. Waliokuwa wakiumizwa zaidi na AutoRun walikuwa watu wa flashi kama sisi, na sisi ndio tuliokuwa tumezima masasisho. Dawa ilifika mlangoni ikakuta kufuli. Ndiyo maana miaka mingi baadaye bado ungekuta mashine za XP hapa zinazoambukizana ugonjwa ambao kwingine ulikuwa umesahaulika. Msaada wa XP wenyewe ulikoma tarehe 8 Aprili 2014.

Kwa nini hili ni jambo la leo

Unaweza kusema hiyo ni historia, imepita. Tazama duka la kompyuta la karibu nawe. Leo halipigi chapa tu. Ndipo mama anapojaziwa fomu ya kodi ya iTax, kijana anapoombewa mkopo wa masomo, mwalimu anapoingia kwenye huduma za eCitizen. Kwenye kompyuta hiyo kuna nakala za vitambulisho, nambari za KRA, vyeti vya kuzaliwa, na mara nyingi kivinjari kimehifadhi nywila za wateja. Mwaka 2002 kirusi kiliharibu barua yako. Leo kinaweza kumpa mtu jina lako lote. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, awe benki au mwenye duka.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza ya viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji binafsi wanaojisajili. Kompyuta nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika ng'ambo haziwezi kupokea Windows 11. Tusipoangalia, tutarudia ya XP hatua kwa hatua.

Nini cha kufanya

1. Washa masasisho, lakini linda bando lako. Kwenye Windows 10 na 11 kuna mpangilio wa kuitambulisha laini yako kuwa ya kulipia kwa kipimo. Ukiuwasha, Windows inapunguza sana kile inachopakua kivyake. Ukifika penye Wi-Fi ya bei nafuu, uzime, uache mashine isasishe.

2. Ofisi au shule yenye kompyuta kadhaa: washa Delivery Optimization kwa mashine za mtandao wenu wa ndani. Sehemu kubwa ya sasisho inaweza kupakuliwa na moja, nyingine zikachukua kwake. Ile hesabu ya saiba ya kuzidisha kwa 10 haipo tena.

3. Mashine isiyo na intaneti isaidiwe kwa flashi. Viraka vya Windows vinapatikana kwenye Microsoft Update Catalog, na albamu mpya ya Defender hutolewa kama faili la kubeba. Pakua mjini, beba, sakinisha. Mafundi, hii ni huduma ya kutoza pesa halali.

4. Sasisha mchana kukiwa kumetulia, si mawingu yakishajikusanya. Kwa laptopu, hakikisha betri imejaa kwanza.

5. Epuka programu za kuvunja leseni. Nyingi zinakuamuru kwanza uzime antivairasi, na hapo unapaswa kujiuliza ni kwa nini. Kama pesa ya leseni haipo, Linux Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice zitafanya kazi za ofisi kwenye mashine ya zamani, na masasisho yake ni bure bila mkaguzi.

6. Weka nakala ya akiba ya faili zako kwenye kifaa ambacho hakikai kimechomekwa. WannaCry na ndugu zake hufunga kila wanachokiona kimeunganishwa.

7. Ukijaziwa fomu dukani, toka kwenye akaunti yako mwenyewe, kataa nywila isihifadhiwe, na uombe nakala ya kitambulisho chako ifutwe mbele yako. Muulize mwenye duka pia kama mashine yake inasasishwa. Wateja wakianza kuuliza, mafundi tutaanza kujibu.

Waliotufundisha kuzima apdeti walikuwa wanatuokolea pesa, na kwa wakati wao walikuwa sahihi. Tuwashukuru, kisha tuziwashe. Mkikwama mahali kwenye hatua hizi, ulizeni tusaidiane. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaiweka Linux Mint kwenye kompyuta ya zamani hatua kwa hatua. Kaeni salama.